Tubishe hodi kwa nani? Wafadhili na mashirika ya maendeleo kwa jicho la kikundi cha Lamu

Mwezi uliopita kina mama sita wa Kizingitini, kisiwani Pate, walivuka kwa boti ya asubuhi wakanikuta barazani Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kikombe cha kahawa bado kimo mkononi. Wana kikundi cha kununua na kuuza samaki. Cheti wanacho, akaunti wanayo, na shida yao ni moja: barafu. Samaki wakijaa, wanunuzi hushusha bei kwa sababu wanajua jua la saa sita litamlazimisha muuzaji kukubali chochote. Wanataka mtambo mdogo wa barafu wa kwao. Mwenyekiti alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ndani yake majina: Benki ya Dunia, UNDP (mpango wa maendeleo wa Umoja wa Mataifa), Wajapani, Umoja wa Ulaya, Benki ya Kiislamu, Waitaliano wa Malindi. Akauliza, "Mwalimu, kati ya hawa, tumwandikie yupi?"

Tangu nistaafu kufundisha nimekuwa katibu wa vikundi vitatu, na nimeandika maombi ya ufadhili mengi kuliko barua za familia yangu. Mengi yalikataliwa. Siku ile niliwajibu kina mama kwa haraka kwa sababu boti ya kurudi haingoji, na nimeona ni haki niandike jibu lililokamilika, kwani najua Faza, Matondoni, Ndau na hata Malindi wapo wenye karatasi kama ile.

Karatasi yao ilipanga majina kwa ukubwa. Mimi nayapanga kwa njia nyingine. Kwanza nauliza pesa itapita mikono mingapi kabla haijafika kwenye akaunti ya kikundi. Kisha, je, ni ruzuku au ni mkopo, na kama ni mkopo, nani ataulipa? Halafu karatasi: kikundi cha watu ishirini kinaweza kuzibeba kweli? Na la mwisho, ambalo watu hulisahau mpaka siku ya shida: mambo yakiharibika, tutamlalamikia nani?

Benki zinazoikopesha serikali

Benki ya Dunia ilianzishwa 1944 katika mkutano wa Bretton Woods, Marekani, na mkono wake unaozikopesha nchi maskini kwa masharti nafuu, IDA, ulianza 1960. Benki hii haina dirisha la kikundi. Inaikopesha serikali ya Kenya, Hazina ya Taifa inatia saini, na deni tunalilipa sote kwa kodi, mvuvi wa Kiwayu pamoja na mwenye duka wa Mpeketoni. Ukiiandikia Benki ya Dunia barua ya kuomba mtambo wa barafu, barua hiyo haina meza ya kutua.

Hata hivyo pesa zake hufika Lamu kwa kuzunguka. Wengi tunaukumbuka mradi wa maendeleo ya pwani, KCDP, uliokuwa na Hazina ya Maendeleo ya Pwani, mfuko wa kusaidia vikundi na kulipia wanafunzi karo. Baadaye ukaja mradi wa uvuvi na maisha ya pwani, KEMFSED, mkopo wa dola milioni 100 ulioidhinishwa 2020 kwa kaunti tano zinazopakana na bahari: Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu. Ndani yake mlikuwa na ruzuku za vikundi vya wavuvi na wauza samaki, na ufadhili wa masomo. Mlango wake ulikuwa ofisi ya mradi katika kaunti. Miradi ya namna hii ina mwanzo na mwisho, kwa hiyo kabla hujaandika neno moja, nenda idara ya uvuvi ukaulize dirisha lipi liko wazi na lipi limefungwa. Nimeona kikundi kikikesha wiki mbili kikijaza fomu za awamu iliyokwisha pita.

Njia nyingine ya benki hiyohiyo ni mpango wa tabianchi unaoitwa FLLoCA. IDA iliidhinisha dola milioni 150 mwaka 2021, na Denmark, Sweden na Ujerumani wakatia chao. Fedha hupita Hazina ya Taifa zikaenda kwa kaunti, na kwenye wadi kuna kamati ya mipango ya tabianchi ambayo ndiyo hupendekeza miradi: kisima, ukuta wa kuzuia mmomonyoko, miti, umeme wa jua. Huu ndio mlango wa mabenki makubwa ulio karibu zaidi na baraza la kijiji, na ndio unaopuuzwa zaidi. Kwenye mkutano mmoja wa wadi niliohudhuria, watu walikuwa wachache hata viti vikabaki. Kijiji kilicholeta wazee wake, vijana wake na kina mama wake kiliondoka na mradi. Kijiji jirani, chenye kiu ileile, hakikuwa na mtu hata mmoja wa kusimama. Asiyekuwapo na lake halipo.

Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliyoanzishwa 1964 na yenye makao Abidjan, imejengwa kwa mtindo uleule: mteja wake ni serikali au kampuni kubwa. Kwa kikundi kinachotafuta ruzuku, sina sababu ya kuitofautisha na Benki ya Dunia.

Kwa upande wa malalamiko, hata hivyo, nataka nikae kidogo, kwa sababu Lamu tumejifunza jambo ambalo miji mingi haijalijua. Benki ya Dunia ina Jopo la Ukaguzi tangu 1993. Watu wawili au zaidi walioumizwa na mradi wake wanaweza kulipelekea malalamiko, na wanaweza kuyaandika kwa lugha yao. Benki ya Afrika nayo ina chombo cha aina hiyo. Haya si maneno ya kwenye vitabu tu. Ulipotakiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, wa megawati 1,050, watu wa Lamu waliupinga kwa miaka. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, na kabla mwaka huo haujaisha Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitenga na mradi ule. Benki yenye kanuni zilizoandikwa inaweza kushikwa kwa kanuni zake yenyewe.

Linganisha na bandari yetu. Gati tatu za kwanza zililipiwa na serikali ya Kenya yenyewe na kujengwa na kampuni ya Kichina, CCCC. Mchanga ulipochimbwa baharini na wavuvi kupoteza maeneo yao, hapakuwa na jopo la benki yoyote la kuandikiwa. Wavuvi walikwenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Haki ilipatikana, ila kwa njia ndefu ya mawakili na tarehe za kesi. Kwa hiyo mtu akija kijijini na mradi mkubwa, msiulize tu utaleta kazi ngapi. Muulize fedha zinatoka wapi, na anayezitoa ana ofisi ya malalamiko au hana.

Umoja wa Mataifa: jina moja, nyumba nyingi

Kwenye karatasi ya kina mama iliandikwa UNDP kana kwamba ndiyo Umoja wa Mataifa wote. Hizi ni nyumba mbalimbali, kila moja na ufunguo wake, na nyingine zina sauti kubwa kuliko mfuko.

UNESCO, shirika la elimu, sayansi na utamaduni, ni mfano wa sauti. Mji mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2001, na hadi leo ninasikia kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, watu wakisema "UNESCO watatutengenezea nyumba". Mfuko wa Urithi wa Dunia upo, ni mdogo, na maombi yake hupelekwa na serikali, kwetu hapa kupitia Makumbusho ya Taifa. Mwenye nyumba ya matumbawe inayobomoka hawezi kuomba mwenyewe. Alichotupa UNESCO ni heshima na ulinzi wa jina, na vitu hivyo vina thamani yake: uhifadhi wa mji huu ulikuwa miongoni mwa hoja dhidi ya yale makaa ya mawe.

UNEP, shirika la mazingira lenye makao Gigiri, Nairobi, nao ni sauti zaidi. Mashua ya Flipflopi, iliyoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa maelfu ya vipande vya ndala kuukuu, ilisafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019 ikishirikiana na kampeni yao ya bahari safi. Ukiwa na jambo zuri tayari, UNEP wanaweza kulifikisha mbali. Ukiwa huna, hawatakununulia mbao.

Halafu kuna mlango ambao ningependa kila kikundi cha pwani kiujue: Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira wa Dunia), unaoendeshwa na UNDP tangu 1992. Hapa pesa ni ruzuku, hairudishwi, na inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi kwa awamu. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000, yaani kama shilingi milioni 6.5 kwa kiwango cha siku hizi, na ruzuku nyingi huwa chini ya hapo. Anayeamua ni kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini. Kwa vipimo vyangu vinne, mpango huu unashinda majina yote yaliyokuwa kwenye ile karatasi.

Sharti lake ni kwamba mradi uguse mazingira: viumbe vya baharini na nchi kavu, tabianchi, ardhi inayochakaa, kemikali zenye sumu. Barafu peke yake haipiti. Barafu ya umeme wa jua, inayopunguza samaki wanaotupwa, pamoja na makubaliano ya kijiji kufunga eneo la pweza kwa miezi kadhaa ili wakue, hiyo inaweza kusikilizwa. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kikundi chetu kikisema kinailinda, kinasema jambo lenye uzito. Ila tusipachike mikoko kwenye kila ombi kama pilipili. Wasomaji wa maombi hayo wamesoma mengi na wanajua ni nani amewahi kuingia matopeni.

Nchi moja moja: Japani, Ujerumani, Italia, na Marekani iliyoondoka

Wajapani wana milango miwili na watu huichanganya kila mara. JICA, shirika lao la ushirikiano lililoanzishwa 1974, hufanya kazi na serikali: mikopo ya bandari na barabara, wataalamu, watu wa kujitolea. Kikundi hakipati pesa hapo. Mlango wa pili uko kwenye ubalozi, ni mpango wa misaada ya mashinani ulioanza 1989, na ruzuku yake kwa kawaida haizidi yen milioni 10. Hiyo ni shilingi milioni 8 na kitu. Inajenga madarasa, zahanati, visima, inanunua vifaa. Hailipi mishahara wala mafuta ya kuendeshea mtambo, na haikusudiwi biashara ya kugawana faida. Shule ya Siyu inayotaka bweni, au zahanati inayotaka nyumba ya kujifungulia, ingefanya vyema kuanzia hapo. Kina mama wa samaki, hapana.

Ujerumani huvunja watu moyo bila kosa lolote, kwa sababu watu hawajaelezwa. GIZ, shirika lao la ushirikiano lililoundwa 2011 kwa kuunganisha mashirika matatu, kazi yake kubwa ni ujuzi: mafunzo, washauri, kuijengea uwezo kaunti au chuo. Pesa za Ujerumani zenyewe hupita KfW, benki yao ya maendeleo, kwenda serikalini. Ukienda GIZ ukitegemea hundi, utarudi na semina. Lakini kijana anayetaka kujifunza ufundi wa umeme wa jua, ambaye kesho ndiye atakayeutengeneza mtambo wa barafu, semina hiyo ni riziki yake.

Kwa Malindi, neno "Waitaliano" lina mzigo wake. Wametia mizizi pale tangu miaka ya sitini, na kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, setilaiti ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967. Ndiyo maana mtu wa Malindi akisema "Waitaliano watatusaidia", huenda anamaanisha mwenye hoteli anayejenga darasa kwa mfuko wake, au chama cha hisani cha marafiki wa mji mmoja wa Italia. Hao ni watu binafsi. Wakikupenda wanatoa leo, wakihama hakuna wa kumuuliza. Ushirikiano wa serikali ya Italia ni jambo jingine: shirika lake, AICS, lilianza kazi Januari 2016, na linashughulika na serikali, mashirika na vyuo vikuu. Italia ilifanya pia jambo ambalo mimi nalipenda kwa moyo wangu wote. Kwa makubaliano ya 2006 iligeuza deni la Kenya la takriban euro milioni 44, fedha ambazo tungeilipa zikatumika kwenye miradi hapahapa nchini, Korogocho, Nairobi, ikiwemo. Deni lililogeuka kisima ni msaada usioacha kidonda.

Umoja wa Ulaya ni mkubwa kuliko hao wote, na kwa kikundi kidogo ndio mgumu kuliko wote. Programu yake ya Go Blue, iliyozinduliwa 2021 pamoja na Jumuiya ya Kaunti za Pwani, imegusa kaunti zetu sita, zile tano pamoja na Taita Taveta, kupitia mashirika ya nchi wanachama na ya Umoja wa Mataifa. Inapotangaza maombi ya wazi, viwango vyake ni vya mamia ya maelfu ya euro. Mwombaji hutakiwa kuchangia sehemu ya gharama, kujisajili kwenye mitambo yao ya intaneti, na kuonyesha hesabu zilizokaguliwa. Kikundi cha Kizingitini kisijaribu peke yake. Kinachowezekana ni kuwa mshirika wa shirika kubwa linaloomba, mkataba mkiusoma wenyewe mstari kwa mstari. Nimeshuhudia kikundi kimoja kikitajwa kwenye ombi kama mshirika, picha zao zikapambwa kwenye ripoti, na wao wakaambulia fulana na chai.

Nchi za kaskazini, Denmark na Sweden, nitazitaja upesi. Pesa zao nyingi hupita mifuko ya serikali yetu, kwa mfano ule wa maji. Kijiji kinachotaka maji kiende kwenye mfuko huo na kwa kaunti. Kisianze na ubalozi.

Na Marekani. USAID, shirika lao la misaada, ilianzishwa 1961, na kwa miongo mingi ilikuwa mfadhili mkubwa nchini Kenya, hasa wa afya. Tarehe 20 Januari 2025 amri ya rais ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, miradi ikaanza kukatwa, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lenyewe likaacha kutekeleza misaada na kilichosalia kikamezwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Wahudumu wa afya kote Kenya waliamka asubuhi wakiwa hawana kazi, na wagonjwa hawajui dawa ya mwezi ujao itatoka wapi. Sisemi haya kuwalaumu waliopokea. Nasema kwa sababu kulinganisha wafadhili bila kupima uwezekano wa kuondoka kwao ni kupima nusu. Fedha za nchi moja hufuata uchaguzi wa nchi ile. Za taasisi za nchi nyingi hutikisika pia, ila haziporomoki kwa saini ya mtu mmoja.

Jeddah, Kuwait, na wakfu wetu

Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao Jeddah, ilianza kazi 1975. Kenya si mwanachama, na kwa sababu hiyo haiji hapa kwa miradi mikubwa kama inavyokwenda Uganda. Lakini ina mpango wa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama tangu 1983, na Kenya imo. Mzazi wa Lamu mwenye binti aliyepata alama nzuri za sayansi aujue mpango huu kabla matokeo hayajatoka. Mfuko wa Kuwait, ulioanzishwa 1961, ni wa mikopo kwa serikali.

Tofauti kabisa na hao ni misaada ya zaka na sadaka kutoka Ghuba: visima, misikiti, vyakula vya Ramadhani, ada za mayatima. Karatasi ni chache, huja haraka, na anayeitoa hataki ripoti ya kurasa arobaini. Kwa kipimo cha mikono, hii ndiyo fupi kuliko zote. Udhaifu wake ni kwamba hutolewa mara moja. Kisima kikichimbwa na pampu ikafa baada ya miaka miwili, aliyekitoa alikwisha kunuia thawabu yake na yuko mbali.

Wafadhili wote wa kisasa huuliza swali moja mwishoni mwa fomu: mradi utaendeleaje tukiondoka? Watu hulijibu kwa maneno matamu. Wazee wetu walilijibu kwa wakfu. Nyumba ya Mkomani ikawekwa wakfu, kodi yake ikalipa mafuta ya taa ya msikiti na posho ya mwalimu wa chuo cha Kurani, na aliyeiweka akazikwa vizazi vitatu vilivyopita. Mtu wa Lamu asione haya kuandika hivyo kwenye fomu ya Umoja wa Mataifa: sehemu ya mauzo ya barafu itawekwa kando kila wiki kwa matengenezo, kwa utaratibu wa wakfu tunaoujua. Nimeandika hivyo mara moja, na afisa aliyekuja kutukagua alianza na sehemu hiyo.

Mashirika yanayokaa

Mbele ya bahari hapa mjini kuna mahali ambapo punda hutibiwa bure. The Donkey Sanctuary, shirika la hisani la Uingereza, lilifungua kituo hicho Julai 1987. Kazi moja, mahali pamoja, karibu miaka arobaini. Wafadhili wa Kizingitini huja na miradi ya miaka mitatu: mwaka wa kwanza kufahamiana, wa pili kufanya, wa tatu kufunga. Punda wa Lamu wamepata uthabiti ambao kina mama wetu hawajaupata, na nalisema hilo kwa uchungu. WWF, shirika la uhifadhi wa viumbe, nao wako upande wa Kiunga tangu miaka ya tisini, kasa na matumbawe, na vijiji vya kule vinawajua kwa majina. Shirika la namna hii halitakupa mtambo, ila barua yake ya kusema "tunakifahamu kikundi hiki" hufungua milango mingine yote. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni wa siku ya moto na mafuriko. Usimngoje kwa jambo la biashara.

Mtambo uliokaa na nailoni yake

Kijiji kimoja nikijuacho kililetewa mashine ya barafu na mfadhili ambaye sitamtaja. Picha zilipigwa, hotuba zikasomwa, samli ikanukia. Mashine ilitaka umeme mzito kuliko uliokuwapo, na jenereta ya kuiendesha ilikula dizeli zaidi ya thamani ya barafu yenyewe. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa imesimama pembeni ya mnada, nailoni ya kiwandani haijabanduliwa mlangoni, watoto wakichora juu ya vumbi lake. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyemuuliza mvuvi hata mmoja.

Tangu siku hiyo, ninaposoma tangazo la mfadhili natafuta mstari mmoja kwanza: je, fedha za kupima na kuuliza zimo, au wanataka kununua moja kwa moja? Ruzuku ndogo za GEF huweza kutoa fedha kidogo za kupanga kwanza. Miradi ya mabenki hupima sana, hata mradi ukachelewa mwaka. Ubalozi hutaka upime mwenyewe na kuleta bei za wauzaji watatu. Sadaka haipimi.

Na kuna kalenda. Kusi likivuma, boti ndogo hazitoki, samaki ni wachache, vikundi havina mauzo wala michango. Mfadhili anayedai ripoti ya mauzo ya miezi mitatu mitatu atakuta robo moja tupu na kudhani mmelala. Mwelezeni mwanzo, kwenye ombi lenyewe, kaskazi na kusi ni nini. Walio karibu nasi, kama kaunti na mashirika yanayokaa, hawahitaji maelezo hayo. Walioko Brussels wanayahitaji.

Nilivyowapangia kina mama wa Kizingitini

Kwanza idara ya uvuvi ya kaunti, kuulizia dirisha la vikundi la miradi ya Benki ya Dunia, kwa sababu biashara ya samaki ni shabaha yake hasa na ruzuku haitalipwa na kikundi. Likiwa limefungwa, Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, pamoja na chama cha wavuvi cha ufuo wao, kwa barafu ya jua na eneo la pweza. Wakati huohuo watu wawili wahudhurie kila mkutano wa wadi wa tabianchi. Umoja wa Ulaya wauache mpaka watakapoalikwa. Ubalozi wa Japani wauache kwa shule. Benki ya Kiislamu wamwachie yule binti wa mwekahazina anayefanya mtihani mwaka huu.

Kabla ya yote hayo niliwaomba kitu kimoja ambacho hakuna mfadhili atakayekifanya kwa niaba yao: daftari. Kila siku ya mnada waandike kilo walizonunua, bei ya asubuhi, bei ya saa sita, na kilo zilizotupwa. Mwenyekiti alisita kidogo, akasema wengi wao hawakukaa sana darasani. Nikamwambia wajukuu wamekaa.

Jumanne alinipigia simu. Daftari lina wiki mbili, linaandikwa na mjukuu wake wa darasa la saba anayefika mnadani kabla ya shule, na tayari wamejua jambo wasilolitarajia: hasara kubwa si ya saa sita, ni ya samaki wanaolala kwenye boti usiku kabla hawajashushwa. Sasa wanajadiliana kama wanahitaji mtambo kwanza au masanduku ya kuhifadhia baridi ndani ya boti, ambayo wanaweza kuyanunua kwa akiba yao wenyewe. Alhamisi baada ya alasiri nitavuka kwenda kuwasikiliza.